Ryzen 5 5600 bado inatosha, ila usiuziwe 5500

Kwa mtu wa bajeti ya kati anayeunda mashine ya gemu, mimi bado nampeleka kwenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600. Ndiyo, ilitoka Aprili 2022, na vijana wa Kariakoo watakwambia soketi yake ya AM4, yaani tundu la mazabodi inapokaa prosesa, imeshapitwa na wakati. Waache waseme. Kwenye gemu, hela inatakiwa ilale kwenye kadi ya picha. Prosesa kazi yake ni kuilisha kadi hiyo isikae inasubiri, na hii inailisha vizuri tu.

Yangu naitumia na kadi ya picha ya RX 6600 na kioo cha 1080p cha Hz 144, yaani kinachoweza kuonyesha fremu (picha) 144 kwa sekunde. Valorant inazipita hizo 144 bila kutoa jasho. Kwenye Counter-Strike 2 moshi ukitanda na watu wakakutana, fremu zinashuka kidogo, lakini mkono hauhisi.

Kwa maandishi ina kori 6 (vichwa vya kufanyia kazi), thredi 12 (kazi inazobeba kwa mpigo), inapanda mpaka GHz 4.4 na imepimiwa wati 65. Namba ninayoijali mimi ni nyingine: L3 ya MB 32. Ni hifadhi ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na gemu inaipenda kwa sababu prosesa haiendi kila mara kuulizia data kwenye RAM.

Hapo ndipo watu wanapopigwa. 5500 nayo ina kori 6, bei iko chini kidogo, na muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kile kile. Si kitu kile kile. L3 yake ni MB 16, na inaishia PCIe 3.0 wakati 5600 inakwenda 4.0. PCIe ndiyo barabara ya data kati ya prosesa na kadi ya picha. Sasa RX 6600 inatumia njia 8 tu za barabara hiyo, siyo 16. Ukiiweka kwenye 3.0 umeikata barabara nusu, na gemu nzito ikishajaza zile GB 8 za kumbukumbu ya kadi utaanza kuona picha inakwamakwama. RX 6500 XT yenye njia 4 ndiyo inateseka zaidi.

5600G ina sehemu ya kutoa picha ndani yake, kwa hiyo inamfaa ambaye kadi ataitafuta baadaye. Nayo ni L3 ya MB 16 na PCIe 3.0. 5600 isiyo na G haina sehemu hiyo kabisa. Ukiiwasha bila kadi, feni zinazunguka, kioo cheusi, halafu fundi anatukanwa bure. Herufi F kwenye prosesa ya Intel, Core i5-12400F, ina maana hiyo hiyo: haina picha ndani.

Hiyo 12400F, kwa haki yake, ni mpinzani wa kweli. Kasi zinakaribiana mno kiasi kwamba mimi ningejumlisha bei ya prosesa na mazabodi, nichukue seti iliyo rahisi. Ryzen 5 7600 inazishinda zote mbili, ila inataka mazabodi ya soketi ya AM5 na RAM ya DDR5. Ikikulazimisha ushushe daraja la kadi ya picha, iache dukani.

Lawama yangu kwa 5600 ni feni inayokuja nayo, Wraith Stealth. Ni kipande kifupi, na kwa joto la Dar la Februari kinapiga kelele mpaka mdogo wangu, tunayelala naye chumba kimoja, akaomba nicheze mchana. Nimeweka feni ya mnara, sasa kimya. Ukinunua isiyo na boksi, mara nyingi haina feni. Hesabu gharama hiyo mapema.

Na unapoitoa feni, tulia. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti ya kupitishia joto iliyo kati yake na feni ikikauka inashika kama gundi. Ukivuta moja kwa moja juu, prosesa inachomoka na feni huku kilango cha soketi kimefungwa, pini zinapinda. Cheza gemu kidogo ipate moto, zima, chomoa umeme, fungua skrubu, zungusha kushoto na kulia taratibu mpaka iachie, ndipo uinue.

Anayenunua ya mtumba aigeuze kwenye mwanga, aangalie mistari ya pini kwa upande, kwanza huku kisha huku. Iliyopinda inavunja mstari. Kama mazabodi ni ya B450, inahitaji BIOS mpya (programu ya ndani ya mazabodi) kuitambua 5600, kwa hiyo seti nzima iwashwe mbele yako kabla hujalipa.