Mtambo wa biogesi nyumbani: tuanze na upi?

Mtambo huu hugeuza samadi kuwa gesi ya kupikia, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, pita zizini kwanza. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi, na sahani moja ya jiko hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Ng'ombe wawili wa kufugia bandani wakikupa kilo 40 kwa siku, una saa nne hivi za kupikia. Kila ndoo ya samadi inadai ndoo ya maji. Ng'ombe wakishinda machungani, samadi nyingi inabaki huko huko.

1. Kuba la matofali la chini ya ardhi. Mwenye zizi na kiwanja chake achukue hili. Muundo wa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, umeenea hadi nchi jirani. Mwanzoni ni ghali, ila halina chuma cha kuliwa na kutu, na likijengwa vizuri linapita miaka 20. Udongo pia hulikinga na baridi, na watu wa Njombe na Nyandarua wanajua baridi inavyopunguza gesi. Shida ni fundi. Lipu ya ndani ikipata ufa mwembamba kama unywele, gesi inavuja na wewe unaendelea kulisha mtambo bure. Mwambie fundi akupeleke kwa mteja wa miaka mitatu iliyopita, si wa mwezi jana. Ukifika, muulize anayepika, maana mwenye nyumba atasifia tu alichokilipia. Jiko liwashwe ukiona: moto uwe wa buluu.

2. Mfuko wa plastiki unaojazwa samadi. Sistema.bio, kampuni iliyoanzia Mexico, inauza ya aina hii Kenya. Haihitaji ujenzi wa matofali, na ukihama unahama nayo, kwa hiyo inamfaa aliyekodi shamba. Kwato, panya na jua ndivyo vinavyoiua. Jenga uzio na kivuli kabla ya kuijaza, na dhamana uipate kwa maandishi.

3. Pipa linaloelea juu ya samadi na kukusanya gesi. Limetoka India. Likipanda, unajua gesi ipo. La chuma linataka rangi kila mara, mimi nisingelinunua.

Huna ng'ombe? Maganda ya jikoni ya familia moja hayapiki chakula cha siku nzima. Nunua mkaa mbadala: gonganisha vipande viwili, vikimeguka ovyo, rudisha.

Bei ya mtambo wowote ijumuishe jiko, bomba na mtego wa kunasa maji yanayojikusanya ndani ya bomba. Siku ya makabidhiano, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba mbele ya fundi. Likivimba mapovu, gesi inavuja: hujamaliziwa kazi, na malipo ya mwisho yasubiri.