Benelli niitoe nichukue Stoeger? Tupige hesabu kabla hujafika dukani

Habari zenu wadau, karibuni tena. Kabla ya yote, hizi bunduki mbili za marisau hapa mezani nimeshazikagua. Boliti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, imevutwa nyuma, chemba inapokaa risasi iko tupu, bomba la risasi tupu. Mnaona kidole changu kinapita humu ndani? Hakuna kitu. Na risasi zenyewe ziko chumba kingine, hazimo humu kabisa. Haya.

Leo najibu swali la mdau mmoja aliyeko Texas. Ana Benelli Super Black Eagle 3, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), aliinunua mpya kabisa. Kazi yake ni njiwa mwezi wa tisa, basi, na wikiendi mojamoja anaenda na washikaji kupiga visahani vya udongo. Bata mwitu hajawahi kuwafuata hata siku moja. Sasa mambo yamebana, ada za watoto zinamsubiri, na dukani ameiona Stoeger M3000 inauzwa kama theluthi ya bei ya ile yake. Anauliza: "Kaka, niwaachie hii, nichukue ile, chenji iniokoe?"

Swali zuri, na jibu lake sio lile mnalolitegemea kutoka kwa mtu mwenye zote mbili mezani.

Tuanze na undugu wao, maana wengi hawaujui. Benelli ilianza mwaka 1967 kule Urbino, Italia. Leo iko chini ya kundi la Beretta, hao hao waliokuwa wakiunda mitutu Gardone, hukohuko Italia, tangu 1526. Stoeger nayo iko kundi hilohilo, ila hii M3000 inatengenezwa Uturuki. Kwa hiyo ukiiacha moja ukachukua nyingine, hela yako haijatoka nje ya ukoo. Na sio jina tu. Mashine ya ndani ni ya aina moja, ngoja niwaonyeshe.

Naitoa boliti. Sogeza kamera hapa. Hiki kichwa cha mbele kinazunguka, kina meno mawili yanayojifunga kwenye mtutu. Huku nyuma ni mwili wa boliti, mzito. Katikati yao kuna springi fupi, nene, ngumu kweli. Ukifyatua, bunduki nzima inarudi begani kwako, lakini ule mwili wa boliti kwa uzito wake unachelewa, kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva akiondoka ghafla. Springi inabanwa. Ikiachia, inausukuma mwili nyuma, kichwa kinajifungua, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda. Hapa hakuna gesi inayochotwa kutoka kwenye mtutu, ndiyo maana ndani hazichafuki haraka. Nyingi za gesi ukizifungua baada ya siku ndefu uwanjani unakuta masizi matupu.

Mfumo huu una masharti yake, na masharti ni yaleyale kwa ya bei ghali na ya bei rahisi. Lazima bunduki irudi nyuma. Ukitumia risasi nyepesi mno, ukaishika kilegevu, au ukaibebesha matochi na vikorokoro vya chuma, boliti inaweza isifike mwisho. Ikiwa mpya ndiyo inasumbua zaidi, kwa sababu vyuma bado vinabana. Ndiyo maana watu huanza kwa kuipigisha risasi nzito kidogo kabla ya kuiletea hizi laini za visahani. Ukisikia mtu anailaumu M3000 kwamba haili risasi za bei rahisi, muulize kwanza ameipigisha ngapi tangu aitoe kwenye boksi, na ameipigisha za uzito gani.

Na kuna hili la "klik". Angalieni. Nairudisha boliti ya Stoeger mbele polepole kwa mkono, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuwaamsha wanyama. Imefika mbele, kwa macho imefunga. Lakini kichwa hakijazunguka mpaka mwisho. Bata yuko juu yako, unavuta, unasikia klik, basi. Wenye Benelli za zamani wanalijua hili siku nyingi, na M3000 kwa kuwa ni mfumo uleule nayo haikwepi. Dawa ni kuiachia boliti ijifunge yenyewe kwa nguvu ya springi, na kuikagua ukishatembea nayo porini ikagongwagongwa. Hapa hela nyingi zinasaidia, maana Super Black Eagle 3 iliwekewa kitu kwenye boliti cha kukisaidia kichwa kijifunge mpaka mwisho.

Sasa, hizo hela nyingi zinanunua nini kingine? Super Black Eagle ya kwanza ilitoka mwaka 1991, na sifa yake ilikuwa chemba ya inchi 3.5. Mwaka huohuo ndipo Marekani nzima ikawa marufuku kupiga bata na bata bukini kwa marisau ya risasi, yaani madini ya risasi yenyewe, kwa sababu ndege walikuwa wanayameza kwenye matope wanakufa kwa sumu. Watu wakahamia chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo unahitaji punje kubwa zaidi, na punje kubwa zinataka ganda refu ili zitoshe. Hapo ndipo inchi 3.5 inapopata maana. Ongeza kitako hiki, mnaviona hivi vipande vya mshazari vilivyochomekwa ubavuni? Vinapinda bunduki inaporudi, vinapunguza teke. Ongeza umaliziaji wa chuma, na boliti inayoteleza bila kukwaruza. Hii ni silaha ya mtu anayelala kwenye majani yaliyojaa maji mwezi wa kumi na mbili.

Mdau wetu anapiga njiwa. Njiwa anataka risasi ya inchi 2¾, punje ndogo za namba 7½ au 8, mwisho wa habari. Chemba ya M3000 ni inchi 3, na hata hiyo inabaki. Anazuiwa na sheria asiwe na zaidi ya risasi tatu ndani ya bunduki, kwa sababu njiwa ni ndege wa kuhama, kwa hiyo lazima aweke kile kijiti cha kuziba bomba, iwe ghali iwe rahisi. Na akishaangusha 15 kwa siku, kikomo chake, anarudi nyumbani. Kwa kazi hiyo, ukiniuliza kama mtu anayeanza sifuri leo, nakwambia M3000, na sitofikiri mara mbili.

Lakini yeye haanzi sifuri! Hapo ndipo watu wanapopigwa.

Tupige hesabu, na hizi ni namba za mfano tu, kwako zitapanda au kushuka. Tuseme ulinunua kwa 1,900. Kwa mtumiaji mwenzako, ikiwa safi, unaiuza 1,300. Dukani hawawezi kukupa 1,300, nao wanataka kula, watakuambia 900. M3000 mpya ni 600. Unarudi nyumbani na Stoeger na dola 300. Hizo ni kama katoni tatu za risasi za njiwa, ada haijalipika. Na ile 400 iliyopotea katikati hakuna aliyekuibia, ni bei ya kumaliza biashara yote kwenye kaunta moja ndani ya nusu saa. Duka likikupa zaidi ya hapo, angalia bei waliyokuandikia ya hiyo mpya. Mara nyingi wanaongeza huku wanapunguza kule.

Njia nyingine ni kuwaachia wakuuzie kwa kamisheni. Inakaa kwenye rafu yao, mteja akija wanakata chao, kinachobaki chako. Kwa mfano wetu unaweza kuondoka na 1,100 hivi. Itachukua wiki kadhaa, pengine zaidi, kwa hiyo ukitaka kuuza usisubiri wiki ya ada. Na uza kabla ya msimu, watu wakiwa wanatafuta. Msimu ukishaisha, kila mtu anauza.

Kuna jambo moja linaloweza kuvuruga hesabu yote, nalo ni mwili wako. Bunduki ya marisau hulengi kama bunduki ya risasi moja, unaielekeza tu na jicho ndilo linalokuwa kama kilengeo cha nyuma. Kitako kikiwa kirefu au kimeinama tofauti na shavu lako, utapiga juu au chini ya ndege siku nzima. Zote mbili zinakuja na vibati vya kuweka kati ya kitako na mwili, hivi hapa, unabadilisha mwinamo kidogo kidogo. Lakini havifanyi muujiza. Kama Benelli inakukaa vizuri, ukiinyanyua macho yamefumba ukifumbua tayari unaona mstari, fikiri tena. Kama kila ukiinyanyua unaanza kuitafutia shavu, basi iuze, bei yake haina maana kwako.

Kuhusu makaratasi, kwa haraka, maana najua DM zitajaa. Ukinunua dukani Marekani unajaza fomu ya serikali, 4473, na kwa kawaida rekodi zako zinakaguliwa, hata kama umekuja kubadilisha. Mwenye green card anaruhusiwa. Aliyeko kwa viza ya muda, kwa sheria ya shirikisho, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa masharti fulani, mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Usimuuzie mtu wa jimbo jingine mkononi, hiyo inapita kwa muuzaji mwenye leseni. Na wale mlioko Dar na Nairobi mnaoniuliza kama mnaweza kufanya hivi hivi: kwenu kibali kinatangulia, msianze dukani.

Sasa kaka, jibu lako. Usibadilishe kaunta moja. Mtafute mwenzako mwenye M3000, mwombe upige nayo boksi mbili za risasi unazonunua siku zote. Ikikukaa na ikala, ipeleke Benelli kwa kamisheni, lipa ada, na hiyo Stoeger inunue mwishoni mwa Agosti, hata iliyotumika, maana sehemu kubwa ya Texas njiwa wanafunguliwa tarehe 1 Septemba. Ukienda dukani beba boksi lake, choki zake zote (vile vibomba vya kubana mdomo wa mtutu), vile vibati, na risiti. Piga simu maduka matatu kwanza, uliza wanakata asilimia ngapi, na uliza kama bei ya chini kabisa unaipanga wewe au wao. Wakisema wao, kata simu.