Laptop ya kununua Tabora: ipi ya kwanza, ipi ya kuiacha dukani

Kwa mwalimu anayetunga mitihani, karani wa AMCOS (chama cha ushirika) ya tumbaku kule Urambo au mwanafunzi wa chuo cha AMUCTA, jibu letu ni moja: mashine ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya kasi ya SSD, inaishinda laptop mpya ya bei hiyo hiyo. Maneno yaliyobaki ni ya kukusaidia kuichagua bila kupigwa, na kuwaonyesha wale ambao jibu hilo haliwafai.

Bei hatuziandiki kwa sababu hupanda na kushuka na dola. Uliza maduka matatu mjini, ulizia na bei ya Kariakoo, ongeza nauli ya mzigo kwenye basi. Tofauti ikiwa ndogo, nunua hapa hapa Tabora, mahali ambapo mashine ikikuzingua unaweza kuirudisha kwa bodaboda.

Soma namba nzima

Muuzaji atasema "hii ni i7, kaka", kana kwamba mjadala umekwisha. Haujaisha. i7-4600U ni ya kizazi cha nne. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, nayo inaiacha mbali hiyo i7. Kizazi ni tarakimu inayofuata baada ya kistari. Namba ikianza na 10, 11 au 12, zisome tarakimu mbili pamoja, kwa hiyo i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja.

Kizazi cha nane kina sababu zake mbili. Kwenye prosesa za laptop zenye herufi U, hapo ndipo i5 ilipotoka viini (cores) viwili kwenda vinne: i5-7200U ina viwili, i5-8250U ina vinne. Pia Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa upande wa Intel karibu yote inaanzia hapo. Windows 10 ilitoka kwenye huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine ya kizazi cha sita au cha saba inayouzwa kwa bei ya kutamanisha ina sababu ya kuwa rahisi.

Namba 1: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 5490 na 7490

Hizi nne ni za umri mmoja, zote zina nafasi mbili za RAM zinazofunguka, na mafundi wamezizoea. Tukilazimika kuchagua moja kwa mkoa huu, ni T480. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka hata mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika ukiwa katikati ya kazi, unachomoa ya nyuma iliyoisha na kuweka ya akiba, na huhitaji kuzima kitu. Inachaji kwa USB-C, kwa hiyo anayekaa Sikonge au Kaliua na kutegemea sola anaweza kutumia chaja ya gari ya volti 12 yenye USB-C PD (mfumo wa kuchajia laptop kwa USB-C) ya wati 65 moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola, bila kupitia inveta inayokula umeme wake yenyewe. Hakikisha chaja hiyo imeandikwa 20V. Zile za simu zinazoishia volti 9 hazitafanya kitu.

T480 ina ugonjwa wake. Firmware (programu ya ndani ya kifaa) ya zamani ya Thunderbolt, mfumo unaoendesha tundu la USB-C, inaweza kuharibu tundu hilo, nalo hutumika pia kuchajia. Chomeka chaja kwenye kila tundu la USB-C mbele ya muuzaji, utikise kidogo, uone kama alama ya chaji inapotea. Ukishainunua, ingia tovuti ya Lenovo upakue sasisho la Thunderbolt la T480 kabla ya kitu kingine chochote. Usichanganye na T480s: hiyo ni nyembamba zaidi, haina betri ya nyuma, na sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi. X1 Carbon RAM yote imechomelewa. Ukinunua ya GB 8, utakufa nayo ya GB 8.

EliteBook 840 G5 ina umbo la kupendeza zaidi, na inachaji kwa pini ndogo ya HP yenye ncha ya bluu au kwa USB-C. Ni chaguo zuri kwa anayekaa mjini penye umeme. Latitude ni ngumu na haina mbwembwe, ila ichunguze chaja. Chaja ya Dell ya pini ya duara ina sindano nyembamba katikati, na sindano hiyo ndiyo inayoiambia mashine "mimi ni wati 65". Ikipinda au chaja ikiwa feki, mashine inawaka kama kawaida lakini betri haichaji, na prosesa inajipunguza kasi hadi chini ya GHz 1. Mnunuzi anadhani kauziwa mashine mbovu, fundi anapiga Windows upya, na tatizo linabaki pale pale. Ukiona Dell inasuasua, fungua Task Manager, uangalie Speed kwenye ukurasa wa CPU. Ikiwa imeganda chini ya GHz 1 huku chaja iko ukutani, azima chaja nyingine kabla hujalaumu kingine.

Ukaguzi wa dukani, kama saa moja

Anza na BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayotangulia Windows: zima mashine, iwashe huku ukibofya F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri, ondoka. Kwenye mashine hizi za ofisi nenosiri hilo halitoki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi, na "nitakutolea kesho" ya muuzaji ni kesho isiyofika. Linganisha serial number ya mashine ndani ya BIOS na ile ya stika ya chini. Zikitofautiana, bodi ilibadilishwa au stika imetoka kwingine.

Kisha betri. Fungua cmd, andika `powercfg /batteryreport`, halafu fungua faili la battery-report lililotokea kwenye folda yako. Gawanya Full Charge Capacity kwa Design Capacity. Betri ya 50,000 iliyobaki na 31,000 ina asilimia 62. Juu ya 70 ni nzuri kwa mashine ya umri huu. Kati ya 50 na 70 unashusha bei. Chini ya 50 hesabu kwamba unanunua na betri mpya juu yake. Lakini usiiamini ripoti peke yake, maana betri za bei rahisi zilizobadilishwa huonyesha namba safi kupita kiasi. Chomoa chaja, cheza video dakika 20. Ikishuka zaidi ya asilimia 15, betri imechoka, ripoti iseme itakavyo.

Wakati video inacheza, mengine yanaendelea. Weka mkono kwenye tundu la feni: hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni dalili nzuri, joto bila hewa ni vumbi au feni iliyokufa. Fungua Notepad, ubofye kila kitufe. Angalia pia mpangilio wa herufi, kwa sababu nyingi zinatoka Ujerumani na Ufaransa: Y na Z zimebadilishana, au A iko kwenye nafasi ya Q, na juu yake kuna stika zitakazobanduka baada ya miezi michache ya jasho. Kibodi ya namna hiyo ni sababu ya kutosha kushusha bei. Inua kioo kwa kona moja. Kikilia au ganda la chini likinyanyuka, bawaba inakaribia kuachia. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Task Manager, ukurasa wa Memory, itakuonyesha kama RAM imekaa nafasi 1 kati ya 2 au zote mbili. Ikikaa moja una nafasi ya kuongeza. Zikijaa mbili za GB 4, kuongeza kutakulazimu kutoa.

Jambo la mwisho hupuuzwa na wengi. Mashine iliyosajiliwa kwenye mfumo wa kampuni yake ya zamani inafanya kazi vizuri mpaka siku utakapopiga Windows upya na kuunganisha intaneti. Hapo jina la kampuni usiyoijua linatokea kwenye kioo likidai barua pepe ya kazi. Suluhisho ni kumwambia muuzaji apige Windows 11 mbele yako kwa flashi, na mashine iunganishwe kwenye hotspot ya simu yako inapoulizia mtandao. Kwenye SSD kazi hiyo huchukua karibu nusu saa. Akikataa, mwambie aandike kwenye risiti kwamba atairudisha likitokea hilo.

Namba 2: kompyuta ndogo ya mezani, kwa mwenye stesheneri

Kama mashine haitoki mezani, laptop ni kulipia betri na bawaba usizozihitaji. OptiPlex 3060 Micro, EliteDesk 800 G4 Mini na ThinkCentre M720q ni vijisanduku vya kizazi cha nane, na ukipata yenye i5-8500T una viini sita. Ongeza kioo cha inchi 22, kibodi na UPS, kile kifaa cha umeme wa akiba.

UPS ya VA 650 yenye betri moja ya volti 12 na Ah 7 inaweza kushikilia kijisanduku na kioo dakika 20 hivi betri ikiwa mpya. Hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu, siyo za kuendelea kuchapa. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hata siku moja: inapopasha moto inavuta umeme mwingi ghafla, na UPS itazima kila kitu mteja akiwa anasubiri. Ukiona tarehe inarudi nyuma kila unapowasha na tovuti zinagoma kufunguka, badilisha betri ya CR2032 kwenye bodi, ni ile ya saa.

Namba 3: laptop mpya yenye prosesa ya heshima

Ikiwa ofisi inadai kitu kipya chenye risiti ya EFD na waranti, tafuta Core i3-1215U, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Ni mashine nzuri, ila kwa pesa yake ungepata ya namba 1 na chenji ya betri ya akiba. Kabla ya kulipa uliza kituo cha waranti kiko mji gani na nani analipia mzigo. Ryzen 3 7320U nayo inafaa, lakini RAM yake haiongezwi, kwa hiyo usiichukue ya GB 4.

Namba 4: kizazi cha sita na cha saba

Chukua tu ukiwa na bajeti ndogo kweli na uko tayari kuweka Linux Mint 22, yenye masasisho hadi 2029. Na SSD na RAM ya GB 8, T470 au Latitude 7480 inaandika barua, inafungua tovuti na kuchapa bila kulalamika. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows asiiguse.

Za kuziacha

Laptop mpya kwenye boksi yenye Celeron N4020, RAM GB 4 na eMMC (diski ndogo ya bei rahisi) ya GB 64 ndiyo inayowaumiza watu wengi, hasa wazazi wanaomnunulia kijana anayekwenda chuo. Inang'aa, ni nyepesi, bei ni rafiki. Lakini RAM na diski kwa kawaida zimechomelewa, Windows na masasisho yake hujaza hiyo GB 64 haraka, na baada ya hapo kila sasisho linakwama kwa kukosa nafasi. Hakuna fundi wa kukusaidia. Chromebook zilizotoka shule za nje nazo ziache: zina tarehe ya mwisho ya masasisho, na nyingine bado zimefungwa na shule ya zamani.

Ukiagiza kutoka Dar

Omba video moja isiyokatwa: stika ya chini, BIOS, kisha ripoti ya betri ikifunguliwa. Ukiwa na ndugu kule, mtume akaikague kwa hatua za hapo juu. Mwambie anayefunga mzigo chaja isikae juu ya mfuniko wa mashine. Njia ni ndefu, na tofali lile la chaja likibanwa na mizigo mingine kioo hupasuka bila boksi kuonyesha alama.

Siku ya kwanza nyumbani

Mashine za ofisi zina leseni ya Windows ndani ya bodi, kwa hiyo Windows ikikuta intaneti hujiamsha (activate) yenyewe. Anayekuwekea "kiamshi" kutoka kwenye flashi anakuwekea virusi bila malipo. Kwa nyaraka tumia LibreOffice. Inafungua faili za Word na Excel, ila hakiki mpangilio wa jedwali kabla ya kuchapa. Ukitumia bando la simu, ingia Settings, bofya jina la mtandao wako, washa Metered connection, la sivyo Windows itamaliza bando usiku mmoja. Masasisho makubwa yafanye kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi.

Kiangazi cha Tabora kina vumbi jingi, kwa hiyo kabla hakijaisha mpe fundi afungue mfuniko wa chini na kupuliza feni kwa blowa. Mwambie ashike panga la feni kwa kidole anapopuliza, kwa sababu likizungushwa kwa kasi ya blowa beringi yake inaharibika.