Fremuweki za Kujengea Programu za Wavuti Zinazofanana na za Simu: Ipi Uanze Nayo?

Fremuweki ni mfumo wa vipande vya kodi vilivyokwisha andaliwa, kama vitufe na orodha, unaojengea programu juu yake. Zote nitakazozitaja ni za chanzo huria, hakuna atakayekudai hata senti. Unacholipa ni muda. Ukishaandika kurasa arobaini kwa fremuweki moja, kuhamia nyingine ni kujenga nyumba upya. Kwa hiyo picha za kwenye tovuti zao zisikuzuzue, maana pale zote zinapendeza.

Chukua simu dhaifu, fungua programu yao ya mfano. Gusa sehemu ya kuandikia iliyo chini kabisa uone kama kibodi inaifunika. Sogeza orodha ndefu kwa kasi, kisha isimamishe kwa kidole. Halafu fungua kidirisha na ubonyeze kitufe cha kurudi nyuma. Kwenye Android, mtu anategemea kidirisha kifungwe. Kikibaki wazi huku ukurasa ulio nyuma yake ukiondoka, atajua papo hapo kwamba amepewa tovuti iliyovalishwa kanzu ya programu.

Kwangu namba moja ni Ionic. Ilianza mwaka 2013 ikiegemea Angular, mojawapo ya zana kubwa za JavaScript za kujengea kurasa, lakini toleo la 4 la mwaka 2019 likaikata kamba hiyo, na leo unaitumia na zana nyingine za aina hiyo, React au Vue, bila kujiona mgeni. Unaandika ion-button mara moja tu: kwenye iPhone kitufe kinatokea kwa mtindo wa iOS, kwenye Android kwa Material Design, mtindo wa Google. Hata kurasa zinapishana kwa namna ya simu husika. Ukitaka kuipeleka kwenye maduka ya programu, kuna Capacitor, zana ya kuifungasha tovuti iwe programu ya simu, iliyotoka kwa watu walewale.

Kasoro yake iliniumiza kichwa karibu wiki nzima. Ndani ya Safari, ukitelezesha kidole kutoka ukingoni ili urudi nyuma, kivinjari kina mwondoko wake na Ionic ina wake, basi ukurasa unaonekana kuondoka mara mbili. Nilikuwa nikitafuta kosa kwenye kodi yangu! Ukishaifungasha kwa Capacitor, mgongano huo haupo.

Framework7 ni ya pili, ingawa kwa macho peke yake ningeipa ya kwanza. Vladimir Kharlampidi, ndiye pia aliyetengeneza Swiper ya slaidi za kutelezesha kwa kidole, aliianza kwa ajili ya iOS, na hilo linaonekana mpaka leo: vichwa vya kurasa vinavyosinyaa unaposogeza, orodha, swichi, vyote vimeigwa kwa jicho kali. Inakubali Vue, React na Svelte. Tatizo ni kwamba ina ruta yake yenyewe, yaani sehemu inayoamua ukurasa upi ufunguke, na kama mradi wako tayari umejengwa juu ya React Router, ruta inayotumika na React, mtagombana. Kwa mradi mpya, sina neno.

Quasar naiweka ya tatu kwa mada hii tu. Ni ya Vue pekee, na kodi moja inakupa tovuti, programu ya simu na hata ya kompyuta kupitia Electron, zana ya kugeuza kodi ya wavuti kuwa programu ya kompyuta. Lakini mtindo wa iOS waliuacha tangu toleo la 1, kwa hiyo mwenye iPhone ataona sura ya Android.

Onsen UI inabadilisha sura yenyewe kufuata simu na ni rahisi kujifunza, ila masasisho yake yamepoa. Mradi mdogo, sawa.

jQuery Mobile bado utaikuta kwenye mafunzo ya zamani. Ilisitishwa rasmi mwaka 2021. Ipite.