Sindano au kifurushi: bakteria huingizaje sumu kwenye seli?

Bakteria aitwaye Salmonella hutumia sindano, na hapa sisemi kwa mafumbo. Ni mrija wa protini wenye urefu wa takriban nanomita 60, unaochomoza kwenye ukuta wake. Tundu lake ni jembamba mno kiasi kwamba protini haipiti ikiwa imejikunja. Hunyooshwa kwanza kama uzi, halafu husukumwa mpaka ndani ya seli ya utumbo. Protini hizo zikishaingia, baadhi yake huvuruga kiunzi cha seli, utando unafura na kummeza bakteria mwenyewe. Seli inamfungulia mgeni mlango, na mgeni ndiye mwizi!

Bakteria wa kipindupindu hahitaji kugusana hivyo. Humwaga sumu nje kama kifurushi, nacho hujitafutia njia. Vipande vitano hushika utando. Cha sita, chenye madhara, huingizwa na seli yenyewe, kisha chumvi na maji huanza kumwagika utumboni. Sumu ya dondakoo ni ya mtindo huohuo, ila katili zaidi: molekuli moja ya kipande chake ikifika ndani yatosha kuua seli.

Kwa ustadi, mimi naipa sindano ushindi. Kifurushi hufika mbali, lakini kinapita wazi na kingamwili hukinasa njiani. Ndiyo maana chanjo ya dondakoo hutengenezwa kwa sumu yenyewe iliyoondolewa makali. Mzigo wa sindano hauonekani nje, hivyo kinachobaki kulengwa ni ncha yake, kama inavyojaribiwa katika chanjo za tauni, ambayo bakteria wake naye hutumia sindano.