Uzoefu wangu na Corvette ya 1966: gari nimelipenda, muuzaji nimemkataa

Niseme mapema kwamba hasira hazijanitoka. Hivi karibuni nilikwenda kuangalia Chevrolet Corvette Sting Ray ya 1966, gari la wazi, kwa muuzaji mmoja wa magari ya zamani huku Missouri, Marekani. Tangazo lilisema limefufuliwa lote, na kwamba injini ni ile ile lililotoka nayo kiwandani. Nimerudi nyumbani na pesa zangu. Ndugu zangu mnaoishi huku na mnaoyapenda magari haya, nataka mjue jinsi mtu anavyoweza kuonyeshwa mlango kwa sababu ya tochi na kitambaa.

Gari lenyewe kwanza, maana halina kosa. Rangi ni damu ya mzee, ile Chevrolet waliyoiita Milano Maroon, na ndani ni nyeusi tupu. Taa za mbele zimejificha. Ukibonyeza swichi zinageuka zote mbili kwa pamoja, bila kukwaruza. Paa la turubai linalala lote chini ya kifuniko nyuma ya viti, na likishalala hujui kama gari lina paa. Nilipitisha mkono ndani ya madigadi kutafuta mishono, kwa sababu bodi hizi ni za faiba na lililowahi kugongwa likaungwa ovyo hujitaja hapo. Mishono ipo, imetulia. Nikainua kapeti pembeni kuangalia kile chuma kinachoshika kioo cha mbele na nguzo za milango. Faiba haiozi, lakini chuma hicho kinaliwa na kutu kimyakimya, na ndiko Corvette nyingi za miaka hiyo zinakofia. Nilipofika mkono na macho, palikuwa safi. Injini ilipowashwa, V8 ile ikatulia kwenye sailensa kwa mngurumo mzito, nywele zikanisimama. Wakati huo nilikuwa nimeshalinunua moyoni.

Ikabaki namba ya injini.

Mimi ufundi nimejifunzia Gerezani, Dar es Salaam. Kwetu ukinunua gari la mkononi, huzungumzi bei kabla ya kulinganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Muuzaji mwenyewe anakushikia tochi. Kwenye Corvette ya 1966, namba ya gari iko kwenye kibati chini ya kiboksi cha dashibodi. Hii ilianza na 194676S kama inavyotakiwa: 67 ni gari la wazi, lililofunikwa lingekuwa 37, 6 ni mwaka, S ni St. Louis lilikounganishwa. Tarakimu za mwisho za namba hiyo zinatakiwa zionekane tena kwenye bloku, yaani mwili wa injini, mbele upande wa abiria, pale penye kipande bapa karibu na silinda hedi. Bloku ambayo haijaguswa ina mistari myembamba ya mashine ya kiwandani juu ya kipande hicho. Fundi akiuchonga uso wa bloku, mistari inaondoka na namba inaondoka nayo, na wapo watu wanaogonga namba upya juu ya chuma laini na kuuza kwa bei ya gari lenye injini yake. Tofauti hiyo ya bei ni maelfu mengi ya dola.

Kipande hicho kwenye gari hili kilikuwa kimepakwa rangi ya chungwa ya injini, nzito, imejaa hadi huoni alama hata moja. Nikaomba nisugue kidogo kwa kitambaa. Yule bwana akaja kwa hatua ndefu, akanipokonya kitambaa mkononi. "Hapa si gereji, rafiki." Nikamwambia nataka kusoma namba tu. Akasema namba zinalingana, imeandikwa kwenye tangazo, na wanunuzi wa magari kama haya huwa wanajua wanachonunua. Kisha akaniuliza kama nina barua ya benki, ya kuonyesha kwamba pesa ninazo. Alikuwa hajaniuliza mpaka nilipoinama kwenye ile namba! Mzee mwingine aliingia nyuma yangu, akapewa kahawa na kuachiwa akae kwenye kiti, na hakuna aliyemtaka barua yoyote.

Nilipouliza kwa nini bei iko juu hivyo, akajibu kwamba magari haya hayapatikani. Corvette za wazi za mwaka 1966 zilitoka 17,762. Ni gari la kutunzwa, ndiyo, lakini asinitishe na uadimu mbele ya mtu aliyelifuatilia tangu ujana.

Kuanzia hapo kila kitu kikaniudhi. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa na unyevu wa mafuta ya breki. Kalipa za diski za Corvette za miaka hii, yaani vibanio vya breki, huvuja zikikaa bila kutembezwa, kila fundi wake anajua, na dawa yake ni kuwekewa bushi za chuma kisichoshika kutu. Dakika chache kabla ningelipuuza. Sasa nikawaza: waliofufua gari lote waliruka breki? Hata ile rangi niliyoisifu ilianza kuonekana imepakwa haraka.

Kwa hiyo msinunue. Au tuseme hivi: msinunue kwa bei ile. Huenda namba ipo chini ya ile rangi, na inalingana kabisa, na yule bwana ana kiburi tu. Lakini mbona basi ameogopa kitambaa? Mtu mwenye namba halali angeniletea kitambaa mwenyewe. Hapana, hata kwa nusu ya bei sitaki kumpa mkono mtu yule.

Lakini gari, jamani. Akiliandika upya kama gari lisilo na injini yake, akashusha bei ilingane na maneno hayo, na akaniachia mtu mwingine wa kuzungumza naye, kesho yake nipo mlangoni. Kwa sasa natafuta jingine. Mwenye kujua Corvette ya wazi ya 1965 hadi 1967 anitafute. Rangi yoyote, na injini si lazima iwe yake, mradi mwenye gari aseme hivyo mwenyewe na aniachie nisome namba.