Semina ya walimu ya wilayani au MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hapa hapa shuleni?
Mi nafundisha la kwanza huku Usukumani, watoto wengi wanaanza shule Kiswahili hawakijui, nyumbani ni Kisukuma tu. Semina ya wilayani ina raha yake, unakutana na walimu wa shule zingine na cheti unapata, ila mwezeshaji anaongea siku mbili mfululizo halafu ukirudi darasani hujui uanzie wapi. MEWAKA tunakaa wenyewe kwa wenyewe baada ya vipindi, juzi mwenzangu kaingia darasani kwangu akaona mtoto kanyamaza mbele ya picha ya maji, akamuuliza kwa Kisukuma, mtoto fasta "minzi!", tukaandika ubaoni maji na minzi pamoja, darasa zima likachangamka. Semina haijawahi kunipa hiyo. Shida muda jamani, vipindi vingi mno, ila mi nachagua MEWAKA.